Ndogo zinapita, kubwa zinamezwa: kuisaka hitilafu ya MTU kwenye seva ya nyumbani

Ukurasa wa kuingilia unafunguka bila shida. Unaandika nywila, unakubaliwa, jina la albamu linajitokeza juu, halafu pale picha zilipotakiwa kuwa kinaanza kuzunguka kiduara. Kinazunguka dakika nzima na hakuna kinachokuja, si picha wala ujumbe wa kosa. Nyumbani, kwenye Wi-Fi, seva hiyo hiyo inazimwaga picha kama mvua. Na ukiipingi anwani ya nyumbani kutoka nje, yaani ukiitumia kijiujumbe cha kuuliza kama ipo, inajibu kila mara, tena upesi.

Hiyo ndiyo sura ya hitilafu ya MTU, kikomo cha ukubwa wa pakiti (vipande ambavyo data husafiri navyo), nami niliishi nayo wiki mbili kabla ya kuijua jina. Nililaumu diski, nikailaumu programu ya picha, nikabadilisha kebo isiyo na hatia. Kilichonipoteza ni kwamba vipimo vyangu vya mwanzo vyote vilikuwa vidogo. Pingi ya kawaida kwenye Linux hubeba baiti 56 tu za data. Nilikuwa kama mtu anayetaka kujua kama kabati litapita mlangoni, akapitisha kijiko, akaridhika.

1500 na vinavyoila

MTU ni ukubwa wa juu wa pakiti ambayo kiungo kimoja cha mtandao kinakubali kuibeba. Kwenye Etheneti ni baiti 1500, kiwango kilichowekwa na DEC, Intel na Xerox katika vipimo vyao vya 1980, na hadi leo karibu kila kadi ya mtandao huanza nacho. Hapo inahesabiwa pakiti ya IP peke yake. Fremu inayoibeba ina kichwa cha baiti 14 mbele na baiti 4 za ukaguzi nyuma, jumla 1518. Ndiyo maana namba zinazotajwa kwenye maelezo ya swichi mara nyingi hazilingani na zile za kwenye ruta, hata pale zote mbili zinapozungumzia kitu kimoja.

Shida huanza pale kitu kingine kinapotaka nafasi ndani ya hizo 1500. Laini nyingi za nyumbani huunganishwa na mtoa huduma kwa PPPoE, ambayo hujichukulia baiti 8, zinabaki 1492. Handaki la WireGuard (VPN, njia ya siri ndani ya intaneti) huchukua 60 likisafiri juu ya IPv4, toleo la zamani la anwani za intaneti, na 80 likisafiri juu ya IPv6, toleo jipya. Ile 1420 unayoiona mara kwa mara kwenye kiolesura cha `wg0` ni 1500 kutoa 80, yaani hesabu ya hali iliyo mbaya zaidi.

Angalia kinachotokea ukiyaweka mawili hayo pamoja. Handaki la 1420 juu ya IPv4 linatoa pakiti za nje za 1480, na kwenye laini ya 1492 linapita vizuri. Siku laini hiyo inapopata IPv6 na handaki likahamia huko bila wewe kujua, pakiti za nje zinakuwa 1500 kamili, baiti 8 zaidi ya mlango. Handaki lililofanya kazi mwaka mzima linaanza kuganda, na mwenye seva anaapa kwamba hajagusa kitu. Anasema kweli. Kwenye laini ya PPPoE, liwekee 1412 mapema uachane na hadithi hiyo.

Kubanwa si kosa

Pakiti ya 1500 ikifika kwenye kiungo cha 1492, ruta ina njia mbili. Kama pakiti ni ya IPv4 na haina bendera ya DF, yaani ile inayosema "usinigawanye", ruta huikata vipande na kuvipeleka. Kama bendera ipo, huitupa, kisha humrudishia aliyeituma ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa za mtandao, ile ile inayobeba pingi) wa aina ya 3, msimbo wa 4: pakiti yako ni kubwa mno, kiungo kinachofuata kinachukua 1492. Mtumaji hupunguza, hutuma upya, na mambo yanaendelea. Utaratibu huu uliandikwa na Jeffrey Mogul na Steve Deering katika RFC 1191, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1990, na mifumo ya kisasa huweka DF kwenye karibu kila pakiti ya TCP, itifaki inayobeba kurasa na mafaili. Kwa IPv6 hakuna hata hiari: ruta za njiani hazigawanyi kabisa, zinatupa na kutoa taarifa.

Kwa hiyo laini yenye MTU ndogo haina ubaya wowote. Mtandao umejengwa ukijua kwamba milango haina upana mmoja. Kinachoharibu kazi ni ule ujumbe wa kurudi kupotea. Mtumaji hajui kwamba pakiti yake imetupwa kwa ukubwa. Anadhani imepotea tu, anaituma tena ikiwa na ukubwa ule ule, inatupwa tena. Pakiti ndogo za kufungua muunganisho zimepita, kwa hiyo pande zote mbili zinaamini zimeunganishwa. Zinangojeana.

Ukilishika hilo, unaacha kuuliza "MTU yangu iwe ngapi?" na kuanza kuuliza "nani kanyamaza?" Swali la pili ndilo linalokufikisha.

Pingi tatu zenye majibu matatu

Kwenye seva ya Linux, andika hivi (anwani ni ya mfano):

`ping -M do -s 1472 203.0.113.7`

`-M do` huweka bendera ya DF. Namba 1472 ni data tu; ongeza kichwa cha ICMP cha baiti 8 na cha IPv4 cha baiti 20, unapata 1500. Kwenye Windows ni `ping -f -l 1472`, kwenye macOS ni `ping -D -s 1472`. Kwa IPv6 kichwa ni cha baiti 40, kwa hiyo anza na 1452. Na ukipima kutoka ndani ya ruta ya Cisco, kumbuka kwamba yenyewe huhesabu pakiti nzima na si data tu. Nimeshuhudia mabishano marefu baina ya watu wawili waliokuwa na jibu moja.

Ikijibiwa, njia ya kwenda inabeba 1500. Isipojibiwa, usikimbilie kupunguza namba. Soma kwanza kilichoandikwa.

Ukiona `local error: message too long, mtu=1492`, pakiti haijatoka hata kwenye mashine yako. Ama kiolesura kimewekewa 1492, ama mashine ilishaambiwa kuhusu njia hiyo na inakumbuka. Ukiona mstari unaoanza na `From 192.168.10.1` na kumalizikia na `Frag needed and DF set (mtu = 1492)`, ruta ya anwani hiyo imetupa pakiti na imekuambia. Hayo yote mawili ni afya njema, japo yanaonekana kama makosa.

Ugonjwa ni jibu la tatu, yaani kimya. Hakuna mstari wowote, kisha mwishoni takwimu zinasema asilimia 100 zimepotea. Ukipata kimya kwa 1472, shuka hadi 1400. Ikipita, gawa katikati, 1436, halafu panda au shuka. Baada ya pingi sita au saba utakuwa kwenye ukingo: 1464 inapita, 1465 inamezwa. 1464 na 28 ni 1492, na hapo unajua unatafuta PPPoE. `tracepath` hujaribu kukufanyia kazi hii hatua kwa hatua, lakini nayo hutegemea zile zile taarifa za ICMP, kwa hiyo panapokuwa na kimya nayo hupapasa gizani.

Kisa chenyewe

Mimi nilikuwa nimeiondoa ruta ya mtoa huduma na kuweka kompyuta ndogo iwe ruta, PPPoE ikianzia hapo. Nyuma yake kuna seva. Nje palikuwa na mambo mawili ambayo hayakuingia akilini. Kupandisha picha kutoka nje kulikwenda, kuzishusha kukaganda. Na simu ikitumia data yake ya mtandao wa simu, kila kitu kilikuwa sawa. Laptopu ikiwa kwenye Wi-Fi ya mtu mwingine, hakuna kitu.

Ufunguo wa fumbo la simu ni MSS. Muunganisho wa TCP unapofunguliwa, kila upande hutaja kipande kikubwa cha data ambacho uko tayari kupokea. Kwa MTU ya 1500 ni 1460, baada ya kutoa baiti 20 za IP na 20 za TCP. Upande wa pili hautumi zaidi ya hapo. Mitandao mingi ya simu hutumia MTU iliyo chini ya 1500, kwa hiyo simu ilitaja MSS ndogo, seva ikaitii, na pakiti zote zikapita chini ya 1492 bila mtu kujua kwamba pana mlango mwembamba. Laptopu ilitaja 1460, seva ikajaza pakiti hadi 1500, zikagonga PPPoE.

Na kupandisha? Huko mtumaji ni laptopu, pakiti kubwa ni zake, na yeye masikio yake yalikuwa wazi. Seva ndiyo iliyokuwa kiziwi. Hitilafu ya MTU huwa na upande, na upande wenye kosa ni ule unaotuma kingi.

Nilijaribu kuingia kwa SSH, njia ya kuiendesha seva kwa mbali, nikiwa nje, nikiwa nimeongeza `-v` ili ieleze kila hatua. Ikafika hapa ikasimama:

`debug1: expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY`

Ukikwama kwenye mstari huo huku mlango wa SSH uko wazi, shuku MTU kabla ya kitu kingine. Ni hatua ya kwanza ambayo pakiti zinanenepa, na siku hizi zimenenepa zaidi: tangu OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022, funguo hubadilishwa kwa njia iliyokusudiwa kustahimili kompyuta za kwantamu, na ufunguo wa sntrup761, njia iliyoanza nayo, anaoutuma mteja una baiti 1158 peke yake. Kwa upande wa HTTPS, ML-KEM-768, njia ya aina hiyo hiyo, huongeza ufunguo wa baiti 1184 kwenye ujumbe wa kwanza kabisa wa kivinjari. Zamani njia mbovu ilikuruhusu kufika ndani kabla ya kuganda. Sasa inaweza kukugandisha mlangoni.

Nikarudi nyumbani, nikaiwasha laptopu iliyo nje kupitia mtu aliyekuwa nayo, na kwenye seva nikaiwasha tcpdump, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, iudake ule ujumbe wa aina ya 3, msimbo wa 4:

`tcpdump -ni eth0 'icmp[0] = 3 and icmp[1] = 4'`

Mistari ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine:

`IP 192.168.10.1 > 192.168.10.20: ICMP 203.0.113.7 unreachable - need to frag (mtu 1492), length 556`

Ruta ilikuwa inapiga kelele muda wote. Ujumbe ulikuwa unafika hadi kwenye kadi ya seva, na seva haikupunguza hata baiti moja. Kumbuka kwamba tcpdump huziona pakiti zinazoingia kabla fayawali haijazigusa. Nikafungua kanuni za fayawali, na pale juu kabisa, kabla ya kanuni inayokubali miunganisho iliyokwisha kufunguliwa, nikakuta mstari wangu mwenyewe unaotupa ICMP yote. Niliuweka miezi mingi nyuma baada ya kusoma mahali kwamba "seva salama haijibu pingi". Basi kumbe hata ile pingi niliyoiendesha kutoka kwenye seva kupima njia ilikuwa imerudi mikono mitupu kwa sababu hiyo hiyo, ndogo na kubwa sawasawa, nami nikaandika kwenye daftari: "laini ya nje ina matatizo." Zile pingi za kutoka nje zilikuwa zikijibiwa na ruta, si seva. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Urekebishe wapi

Cha kwanza ni kuondoa kimya. Kwenye nftables, fayawali ya Linux, kanuni ya `ct state established,related accept` ikikaa juu inatosha kuzipitisha taarifa hizi za IPv4, kwa kuwa fayawali inazijua ni jamaa wa muunganisho uliopo. Ukitaka kutojibu pingi, zuia `echo-request` tu, ingawa sijaona bado faida yake kwenye seva ya nyumbani. Kwa IPv6 usifanye mzaha kabisa: ukizuia ICMPv6 yote hata majirani kwenye mtandao mmoja hawatatambuana, achilia mbali `packet-too-big`.

Cha pili ni kubana MSS kwenye ruta. Hii ndiyo kazi ambayo ruta nyingi za nyumbani huifanya kimyakimya, na ndiyo maana wengi huwa na PPPoE miaka yote bila kuusikia msamiati huu. Nilipoiondoa ruta ya mtoa huduma niliiondoa na huduma hiyo bila kujua. Kanuni yenyewe ni mstari mmoja kwenye mnyororo wa `forward`:

`tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu`

Ruta inaidaka pakiti ya kufungua muunganisho na, kama MSS inayotajwa ni kubwa kuliko njia, inaipunguza. Kwa njia ya 1492, 1460 inageuka 1452 kabla pande mbili hazijaanza kutumiana kitu. Ubaya wake ni kwamba inaitibu TCP peke yake. Handaki la UDP, itifaki isiyofungua muunganisho kama TCP, au programu yoyote inayotuma pakiti nono za UDP, haipati kitu hapo. Watu wa DNS, mfumo wa kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani, walilikwepa tatizo hilo kwa kujipunguza wenyewe: mwaka 2020 walikubaliana kupendekeza 1232, ambayo ni 1280, kiwango cha chini cha IPv6, kutoa 40 za kichwa na 8 za UDP.

Cha tatu, na watu wengi huanza na hiki, ni kushusha MTU ya seva yenyewe:

`ip link set dev eth0 mtu 1492`

Inafanya kazi. Mimi sikuipenda kwa sababu inafunika kosa badala ya kuliondoa: mashine inayofuata utakayoileta itaganda vile vile. Kama huna mamlaka juu ya ruta, ni afadhali uiwekee namba njia ya kwenda nje tu, `ip route change default via 192.168.10.1 mtu 1492`, ili ndani ya nyumba seva iendelee na 1500.

Linux ina kinga ya mwisho: `net.ipv4.tcp_mtu_probing=1`. Ukiiwasha, TCP ikiona pakiti kubwa zinapotea mfululizo inaanza kujaribu ndogo bila kungoja kuambiwa na mtu. Wazo hilo limo katika RFC 4821 ya 2007. Ni la kufaa pale anayenyamaza yuko mbali na huwezi kumfikia. Kwa kimya ulichokisababisha mwenyewe, utakuwa unaoga na kanzu.

Mitego iliyo ndani ya nyumba

Swichi haina ICMP. Hili lirudie mpaka likukae, kwa sababu fremu kubwa hupotelea hapo bila neno. Mtu anaipa seva MTU ya 9000, na kompyuta ya kazi 9000, kati yao swichi isiyobeba fremu hizo. Zinaunganika, zinakubaliana MSS ya 8960, kisha faili la kwanza kubwa linaganda, na hakuna ruta njiani ya kulalamika. Ajabu ni kwamba upande mmoja ukibaki na 1500, TCP inaenda vizuri, maana MSS ya 1460 inashinda. Yaani ukiwa umekosea nusu inafanya kazi, ukikosea kikamilifu inaharibika. Na faida unayoifukuzia? Kwa 1500, ukihesabu kila baiti inayopita kwenye waya pamoja na mapengo kati ya fremu, data ni 1460 kati ya 1538, kama asilimia 95. Kwa 9000 ni 8960 kati ya 9038, asilimia 99. Kwenye gigabiti moja nyumbani, asilimia nne hizo hazijanilipa usiku niliozitafutia.

Konteina, yaani programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa ndani ya seva, nazo zina MTU yao. Mtandao wa Docker huanza na 1500 hata kama kiolesura cha seva kina pungufu. Ukiandika `"mtu"` kwenye `daemon.json` unarekebisha mtandao wa msingi tu. Mitandao inayoundwa na Compose, chombo cha Docker cha kuwasha konteina kadhaa pamoja, inahitaji chaguo lake, `com.docker.network.driver.mtu`. Dalili yake ni seva yenyewe kufungua tovuti bila tatizo huku konteina iliyo ndani yake ikikwama kwenye tovuti hiyo hiyo.

Halafu tcpdump, rafiki aliyeniokoa, naye ana uongo wake. Utaona pakiti inayotoka ikiwa na urefu wa 2920 au hata zaidi ya 14000 kwenye kiolesura cha 1500, na utashtuka. Kadi ya mtandao ndiyo inayozikata baadaye, baada ya tcpdump kuziona, na kwa zinazoingia Linux yenyewe huziunganisha kabla. Ukitaka kuona zilivyo kwenye waya, zima kwa muda `tso`, `gso` na `gro`, ndizo kazi hizo za kukata na kuunganisha, kwa `ethtool -K`, kisha uziwashe tena ukimaliza.

Ukishabadilisha kitu, usipime papo hapo ukahukumu. Linux huikumbuka MTU ya njia kwa dakika 10, na kumbukumbu hiyo inaweza kukuonyesha ushindi wa uongo au kushindwa kwa uongo. `ip route get 203.0.113.7` itakuonyesha inachokumbuka, na `ip route flush cache` itafuta. Mimi niliufuta ule mstari wa ICMP, nikasafisha kumbukumbu, nikamwomba aliyekuwa na laptopu afungue tena albamu. Safari hii `ip route get` ikaandika `mtu 1492` na sekunde zinazohesabika kushuka kutoka 600, na picha zikaanza kuingia upande wake kabla sijamaliza kuusoma mstari.